Nimefika Kwenu kwa Njia ya Juu

Mke mwenzangu Zaina,

Ulisema kweli. Nakuandikia hilo kwanza, ulipokee ukiwa umeketi vizuri huko uliko, maana miaka yote tuliyokaa chini ya paa moja sikuwahi kukuambia neno hilo. Juu ya mlima wenu kuna nchi nyingine. Majani yanaganda asubuhi, wallahi yanaganda, nimeyakanyaga kwa miguu yangu yakavunjika kama chumvi ya mawe. Mimi niliyekuwa nikikucheka mbele ya majirani, nikisema huyu Mluguru katuletea hadithi za sungura, leo nimenyamaza. Haya, furahi.

Nimekaa mlangoni kwa bibi yako mzaa mama. Karatasi ni zile za kufungia sukari za duka la Mhindi, nilizikunja nikazitia kibindoni tangu Morogoro, na herufi ni hizi hizi alizonifundisha marehemu baba katika chuo chake cha Kurani kule Mikese, alipokuwa akiwacharaza watoto wa watu na mimi nikiwa nyuma ya mlango nasikiliza. Mwanao Tatu yuko kando yangu anapukuchua mahindi. Kauliza naandika nini, nikamwambia namwandikia mama yako. Akasema, "Mwambie nimeng'oka jino." Basi umeambiwa.

Homa ile ilikuchukua upesi mno, mwenzangu. Sikupata hata nafasi ya kukuomba radhi kwa yale ya jikoni. Mume wetu Feruzi alilia kama mtoto, akasahau kuwa yeye ndiye aliyekuwa kirongozi wa wapagazi mia, mtu wa kutisha simba kwa sauti. Mimi sikulia mbele za watu. Nilingoja wakaondoka, nikaingia jikoni, nikakikuta kile chungu chako tulichokuwa tukigombea, kimekaa tu, hakuna wa kuninyang'anya. Nililia hapo. Nilikuwa nimezoea kugombana nawe, Zaina, na nyumba iliponyamaza niliichukia.

Matanga yalipokwisha akaja mdogo wako Mkude, kavaa vumbi mpaka kope, kaleta neno la mjomba wenu: mtoto wa mpwa wetu arudi nyumbani. Kwenu mtoto ni wa ukoo wa mama, baba ni mpita njia. Nikamtazama Feruzi nikingoja angurume. Akainamisha kichwa. "Ndiyo desturi yao," akasema, "nami niliikubali siku ya kuoa."

Ebo! Yeye alikubali, mimi nani aliniuliza? Sikuzaa, na unajua. Neno hilo ulinitupia mara moja tu, siku tuliyoshikana nywele, ukaja kunitaka radhi jua halijachwa. Lakini Tatu nilimbeba mimi mgongoni ulipokuwa hujiwezi kwa uzazi. Mimi ndimi niliyemtafunia wali wa kwanza. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi; basi aliyesema hivyo hakunijua mimi. Nikamwambia Feruzi kwamba mtoto nitampeleka mwenyewe, nitasimama mbele ya huyo mjomba, nitasema naye, kisha nitarudi na mwanangu mkononi. Feruzi akacheka kwa huzuni. "Utapanda Uluguru kwa ulimi?" Nikamwambia ulimi wangu una miguu kuliko yake.

Njia fupi ni ile ya Serikali, ya kupitia Kiroka. Mkude akaikataa. Akida, mkubwa wa Serikali wa upande ule, alikuwa ametega askari wake, kila kijana anayepita anapewa jembe achimbe barabara. "Nikipita pale na kifua hiki," akasema, "nitafika nyumbani nina mvi." Basi tukazunguka kwa nyuma ya mlima, njia ile ile uliyokuwa ukiisifu, ya kupita Mzinga na Mlali, kisha kupanda Mgeta, kisha juu kwa juu mpaka kwenu. Nikasema moyoni, sasa tutamjua mwongo.

Zaina, kule nyuma ni kukavu! Mlima ule ule ambao kwetu mjini unamwaga maji kila kijito, ukiuzunguka umekupa kisogo. Miiba, vichuguu, ardhi nyekundu inayopasuka, na nyika ya Mkata upande wa magharibi imelala njano mpaka macho yanachoka. Hakuna mtu. Tulitembea asubuhi nzima tukakutana na pundamilia tu, wakatutazama kama wenye nyumba wanaotazama wageni wasioalikwa. Tukafika kwenye mto, nikashangilia, kumbe ni mchanga mtupu. Mkude akapiga magoti akafukua kwa kipande cha kibuyu, akafukua, mpaka maji yakajikusanya kidogo kidogo, machafu na matamu. Niliitukana nchi ile kwa kila tusi ninalolijua, na unajua ninayajua. Tatu alikuwa mabegani kwa mjomba wake, akaniambia, "Mama mkubwa, mama alisema hapa hapatukanwi." Ulikuwa umemfundisha lini? Ulikuwa ukimfundisha wakati gani, nami nipo nyumba hiyo hiyo?

Maana hilo halikuwa la kwanza wala la mwisho. Tulipoanza kupanda Mgeta, mwanamke mmoja aliyekuwa akipalilia maharage ubavuni mwa mlima, mahali ambapo hata mbuzi angeomba kamba, akamwuliza Tatu yeye ni wa nani. Nikafungua kinywa nijibu, binti Feruzi. Mtoto akanitangulia. Akalitaja jina la ukoo wenu, wazi kabisa, kwa Kiluguru safi. Yule mwanamke akatupa jembe akamkumbatia, akamwita mwanangu, akatuchomea magimbi. Kila tulipopita ikawa hivyo hivyo. Mtoto anasema neno moja na milango inafunguka, na mimi nyuma na mzigo wangu kama mpagazi wake. Nilikuwa na wivu, Zaina. Tena nilikuwa na hofu, maana kila aliyemwita mwanangu alikuwa anamvuta kidogo kutoka mkononi mwangu.

Watu husema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mimi kupanda kwenyewe kulikuwa ngoma, na zumari, na vigelegele. Tukapita mashamba yakaisha, tukapita mianzi, tukaingia msitu wa miti mifupi iliyopinda, yenye ndevu za kijivu zinazoning'inia. Mara miti ikaisha. Tukatokea Lukwangule, uwanda wa juu kabisa.

Sijui nikuelezeje jambo unalolijua kuliko mimi. Majani matupu, mapana, yanapepea, wala hakuna moshi wa mtu. Baridi ikanishika meno. Nilifungua mzigo wa zawadi nilizomchukulia mjomba wenu, nikatoa kaniki moja nikamfunga Tatu kichwa mpaka vidole. Asubuhi jua lilipochomoza kila jani lilikuwa jeupe. Magharibi niliiona nyika yote tuliyoikata, na mbali sana moshi wa gari la moshi, kitu kidogo cha kuchekesha, ambacho Feruzi anakilaani kila siku kwa kumnyang'anya mizigo yake. Mashariki mawingu yalikuwa chini yetu. Chini, Zaina! Nimesimama juu ya mawingu mimi binti wa Mikese.

Hapo ndipo nilipokuelewa. Jioni zile mvua ikiisha kunyesha, ulikuwa ukitoka uani unasimama, unatazama juu, na mboga inaungua. Nilidhani unajidai. Kumbe ulikuwa unatamani kwenu. Ningejua ningekuja kusimama nawe, na mboga iungue tu.

Kushuka upande wenu ni matope na mizizi. Nilianguka mbele ya watu wote, nikateleza kwa makalio mpaka nikasimamishwa na mgomba. Tatu akacheka. Tangu tulipokuzika hakuwa amecheka. Nikasema kama ni hivyo nitaanguka tena, na Mungu si Athumani, nikaanguka tena bila kutaka.

Sasa sikiliza nilivyofanya kwenu.

Mjomba wako alitupokea uani, na wazee wenziwe, na bibi yako amekaa kwenye kigoda. Nikatoa shikamoo zote, kwa kila mtu na heshima yake. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno yangu, ya dini na ya desturi na ya kubembeleza. Lakini mkono mtupu haulambwi, au ndivyo tunavyosema sisi wa mjini. Nikatandika zile nguo mbele yake, kaniki na merikani, kitita kizuri, nikasema, "Mjomba, nimekuja kuwaombeni mtoto."

Akarudi nyuma kama aliyekanyaga siafu. "Ondoa," akasema. "Ondoa hizo nguo. Hapa mtoto habadilishwi kwa nguo. Walikuja watu wa misafara zamani wakabadilisha, na wengine hatukuwaona tena."

Watu wakanitazama. Najua walichokiona: mwanamke wa mjini, mke wa mtu wa misafara, na kitita. Maneno yangu yote yakapotea. Mtume! Nilisikia aibu, kisha hasira ikaja juu ya aibu, na ukinijua hasira yangu haina hatamu. Nikapiga kelele mbele ya wazee. Nikawaambia mama yangu mimi ndiye aliyebadilishwa. Kwa nguo kama hizi hizi. Alikamatwa mdogo kuliko Tatu, akapitishwa mikono ya watu mpaka akafika Mikese, baba akamwacha huru akamwoa, na mpaka anakufa hakujua kwao ni wapi, hakujua hata mlima gani. "Mimi ndiye nije kununua mtoto?" nikasema. "Mimi?"

Nikalia, Zaina. Mbele za watu. Uliwahi kuniona? Hukuwahi. Waliniona watu wenu, niliowajua siku moja tu.

Bibi yako akainuka, akaja akaniuliza polepole, kwa Kiswahili chake cha kuvunja vunja, ukoo wangu ni upi. Nikamwambia sina. Akaguna. Akazikunja zile nguo mwenyewe, moja moja, akanirudishia mikononi, kisha akanishika mkono akaniingiza ndani nikale.

Kesho yake mjomba aliniita. Ni mtu mkavu, mjomba wako, maneno yake ni machache kama meno yake. "Mtoto hatumtoi," akasema. "Ni wetu." Akakohoa, nikadhani amemaliza. "Lakini mtoto hafiwi na mama mara mbili. Shamba la Zaina limeota majani, na dada zake wana yao. Ukimtaka mtoto, kuna jembe pale."

Nisikudanganye kwamba sikufikiri. Niliifikiria nyumba yangu ya Morogoro, sokoni, mashoga zangu, mafuta ya taa, kitanda cha kamba. Nikamfikiria Feruzi pia, maana ni mume wangu nami nampenda, usicheke. Kisha nikaenda nikalichukua jembe.

Shamba lako lina mawe, mwenzangu, hukunisimulia habari za mawe. Viganja vimenitoka malengelenge mpaka kushika kalamu ni kazi. Wanawake wa huku wanacheka ninavyolima, wanasema napiga nyoka. Nami nawajibu, Kiluguru nikikosa nawajibu kwa Kiswahili, na tusi halihitaji mkalimani. Maharage yameota. Tatu analala kati yangu na bibi, anatupiga mateke wote wawili bila upendeleo. Feruzi nimempelekea salamu: mlango wa kwetu uko wazi, mtu aliyekuwa akipandisha mizigo ya Ujiji asishindwe na kilima. Akija nitamtengea chakula. Asipokuja nitasikitika, lakini sitashuka. Nimesema.

Juzi bibi yako alinishika mkono akanipeleka juu ya shamba, penye miti ile minene isiyokatwa. Ni makaburi ya ukoo. Akanionyesha mama yako, na mama yake yeye mwenyewe bibi, na dada zao, kila mmoja na jiwe lake, anawaita kwa majina kama wamekaa wanasuka ukili. Halafu akanionyesha mahali patupu kando ya mama yako. Akasema hapo palikuwa pako. Akanitazama, akapigapiga ardhi kwa mguu, akasema, "Sasa hapa ni wewe."

Nikainama, mimi mwenye ulimi, nikang'oa majani yaliyoota pale.

Wewe umelala Kilakala, kwenye mchanga wa mjini kwetu, kati ya watu ambao hata jina la ukoo wako hawalijui. Mimi nitalala hapa, kwa mama yako. Sikukupokonya, mwenzangu, nimekushikia. Nakuahidi Tatu atalijua kaburi lako kama atakavyolijua langu. Kila kiangazi tutashuka naye, kwa njia ya juu, aje akusomee fatiha na aifahamu njia mpaka aweze kuipita peke yake. Na siku nitakapowekwa kando ya mama yako, nitamwambia ulikuwa ukitoka uani kutazama huku.

Lala, Zaina. Nimefika kwenu.

Mke mwenzako,
Mwanaisha