Shuka Nyeusi

Kwako Dereva,

Natumai safari zako ni njema. Cherehani yangu imepona, na paka wako bado analala mlangoni.

Unakumbuka niliposhona zile shuka nyeusi, ukaniuliza, "Fundi, kuna msiba?" Nilikuwa natokwa na damu kila tulipolala pamoja. Niliona haya kukwambia, nikahamia chumba cha pili. Ukadhani nimekuchoka, ukaondoka.

Mwezi uliopita daktari alikuta kinyama kidogo kwenye mlango wa kizazi, akakitoa kwa dakika tano. Majibu ya maabara ni mazuri, si saratani. Akaniuliza, "Mama, mbona ulikaa kimya miaka miwili?"

Nasikia mkeo amejifungua. Hongera.

Siku hizi natandika nyeupe. Nalala katikati ya kitanda.

Niliyekuwa mkeo,
Fundi