Papa, Picha Zako Bado Zinaongezeka

Papa,

Kwa heshima na taadhima, mbele ya jamaa na majirani wote wa Kashojwa, hapa kambini Nakivale, ninakutangazia kwamba kompyuta yako imehama. Imetoka chini ya kitanda, sasa inakaa juu ya kabati. Uhamisho ulifanyika kwa amani. Hakuna aliyeumia, ila kuku mmoja aliyekuwa akiatamia pale pembeni, na yeye hadi leo haongei na mimi.

Nimeihamisha kwa sababu ya picha. Uliziacha ovyo, Papa, acha niseme ukweli. Mtu aliyepiga picha za arusi na batizo za watu wengi hivi, folda zake zinaitwa "Mpya", "Mpya Sana", "Mpya Ile Ingine". Katika "Mpya Sana" nilimkuta Nyanya akiwa Fizi, kwetu Kongo, ile picha uliyoipiga upya kutoka kwenye karatasi kabla panya hawajaimaliza. Amebanwa kati ya mbuzi na bibi arusi. Basi nikaanza kupanga: arusi fasi yake, vilio fasi yake, jamaa fasi yake. Mbuzi naye nimempa folda, maana ulimpiga picha nyingi kuliko mimi.

Halafu zikaanza kuongezeka.

Unakumbuka ulivyozipandisha zote kwenye intaneti, akaunti moja ya nyumba nzima, ili hata moto ukipita zisiungue. Sasa wewe tumeshakuzika. Mimi tangu maziko sijapiga kitu. Lakini kila nikifungua, nakuta picha mpya. Kwanza mtoto mwenye sweta ya njano, anakula ugali wa posho. Kisha buti za jeshi zimeanikwa juani. Kisha mwanamke wa gauni la kijani, anamcheka yule aliyeshika simu.

Papa, marehemu hatumi picha. Hilo tu ndilo nililokuwa na hakika nalo. Mengine yote nikaanza kuyashuku.

Mama alikuwa nyuma yangu anachambua maharage. Akayaacha. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Aya masikio," akasema, "miye nayajua."

Ya mtoto, alimaanisha. Nikayaangalia. Yalikuwa masikio. Lakini ukishaambiwa, Papa, hata kuku utamwona ana sura ya mtu wa kwenu.

Tangu hapo safari zako za Mbarara zilifufuliwa moja moja, zikahojiwa. Kila mwezi ulienda kuleta wino wa mashine ya picha. Baba mudogo, na mdomo wake unaujua, akaketi mlangoni: "Wino gani yenye inaisha kila mwezi? Kaka yangu alikuwa anaandika Biblia nzima?" Watu wakacheka. Mama hakucheka. Watu wa kanisa walikuwa wameshapanga maombi ya kumaliza matanga, avue nguo nyeusi, picha yako itundikwe ukutani. Akakataa. "Baende kuitundika kwa ule wa kijani," akasema. Na nguo nyeusi hakuvua, ila sasa alizivaa kwa hasira.

Na mimi, nikuambie? Nilikushuku. Mbele ya Baba mudogo nilitetea jina lako. Nikibaki peke yangu nilizikuza zile picha mpaka zikawa vipande, nikitafuta kidole chako, kivuli chako, ile kofia yako. Katika moja, nyuma ya mtoto, nikaona ukuta wa kambi ya jeshi na kibanda cha chapati cha rangi ya bluu. Kibanda kile nakijua, kiko Mbarara. Ulininunulia chapati pale, tukala tumesimama, ukasema: "Usimwambie Mama tulishakula." Wakati ule niliona ni upendo. Sasa nikaona ni tabia.

Nikaenda Mbarara. Nikasimama kibandani kama mteja, nikala chapati ili nionekane mkweli. Mwanamke akaja, gauni lile lile, mtoto mkononi. Kabla sijafungua mdomo, akanirukia yeye:

"Wewe! Mimi najua wewe. Wewe iko kwa simu yangu!"

Akaitoa simu. Papa, tulikuwamo sisi wote: mimi, mbuzi, Mama analia kaburini kwako siku ya maziko.

"Huyu mama iko nalia kila siku kwa simu yangu. Mimi nauliza bwana yangu: afande, huyu ni bibi yako ya Nakivale? Yeye naapa hapana. Sasa yeye nalala kwa kiti, banange!"

Simu ilikuwa yako ya zamani, yenye ufa kwenye kona. Mume wake aliinunua kwako, pale pale kibandani. Hapo nikakumbuka jinsi ulivyouza simu. Wengine wanafuta kila kitu kwanza. Wewe ulikataa. "Telefone ya wizi haina batu ndani," ulikuwa unasema, na ukaacha jamaa nzima mle ili mnunuzi aone wewe ni mtu mwenye nyumba. Akaunti yetu nayo ikabaki mle, wazi. Ikawa inachukua zake inatuletea sisi, inachukua zetu inampelekea yeye. Nyumba mbili zimegombana kwa ajili ya sweta na mbuzi.

Tuliitoa akaunti pamoja, vichwa vimegusana. Aliomba abaki na picha moja ya mbuzi. Nilimpa. Nikamwambia afande sasa anaweza kurudi kitandani.

Basi pumzika, Papa. Hakuna anayekushuku tena, hata mimi. Ninakuahidi picha zako nitazitunza fasi mbili, kule kwenye intaneti na kwenye diski hapa nyumbani, kila folda na jina la watu wake. "Mpya Sana" nimeifuta. Nyanya nimemtoa kwa mbuzi, nimemweka karibu na wewe.

Mama nilimweleza yote. Akasikiliza, akauliza kama telefone yenyewe ilikuwa ile ya ufa. Nikasema ndiyo.

"Ile," akasema, "ni miye nilimutuma aiuzishe, tununue godoro."

Matanga yanamalizwa Jumamosi. Godoro lenyewe, Mama alikuwa amelikalia akisema hayo.