Ukuta wa Ndiva Ulioanguka Wenyewe

POLISI TANGANYIKA, KITUO CHA SAME
Maelezo ya shahidi, Jumamosi tarehe 3 Januari 1959, saa nne asubuhi

Jina: Dorkasi, mjane wa Naftali
Umri: miaka arobaini na miwili hivi, alizaliwa wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza
Kazi: mkulima
Makazi: Suji, Upare wa Kusini

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe kwa miguu. Filemoni, mlinzi wa ndiva yetu, amefungwa hapa kwa kosa la kubomoa ukuta, naye hakuubomoa.

Ndiva ni bwawa letu la mlimani. Maji ya mfereji hujaa humo usiku, na asubuhi Filemoni huzibua kwa mti wake ili mashamba yapate maji kwa zamu.

Mwanangu Eliufoo anasoma shule ya serikali Dar es Salaam, ile ya ufundi na biashara. Alipochaguliwa, wazee walisema nyumba yangu isitoe mtu kwenye msaragambo mpaka amalize, maana ninawalelea fundi. Kwetu pembe ya msaragambo ikilia, kila nyumba hutoa mtu wa kazi, hata ya mjane. Mimi nilikaa. Wenzangu walipita mlangoni kwangu na mawe kichwani, nami nikawasalimu nimekaa. Nilijiona sana, afande, siwezi kuficha.

Mnamo mwezi wa Juni mwaka jana nilikwenda Dar es Salaam kwa mdogo wangu, nikaenda kumtazama mwanangu shuleni. Alinipitisha kwenye karakana. Niliona vijana wanachonga vyuma, cheche zinaruka, nikasimama natafuta mahali pake ni wapi. Akasema, "Mama, mimi ni chumba cha mbele." Huko vijana walikuwa wamekaa mezani wanapiga chapa kwa mashine, vidole vimefunikwa kitambaa wasivitazame. Eliufoo akakaa, akapiga jina langu upesi mno, na mwalimu akamsifu. Mimi nikasema, "Na hii nayo ni kazi ya mwanamume?" Akainamisha kichwa. Niliporudi Suji nilisimulia karakana tu.

Desemba alikuja likizo. Ndiva ilikuwa inavuja, na wazee wamekwisha pata saruji. Wakaja nyumbani, wakasema, "Fundi wetu amefika." Filemoni, ambaye siku zote ndiye aliyeukandika ukuta ule kwa udongo, alinuna. Akasema, "Haya, tutaona."

Eliufoo aliniita jikoni. Akasema, "Mama, waambie. Sijawahi kushika mwiko wa mwashi." Nikamjibu, "Umekula jasho la watu miaka miwili. Usiniaibishe." Akaenda akajenga. Ukuta ulikuwa mzuri kuutazama, umenyooka. Kigelegele cha kwanza nilikipiga mimi.

Mnamo tarehe 29 Desemba, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa shambani kwangu kando ya ndiva, nangoja zamu. Hapakuwa na mtu mwingine. Ukuta ulilia, ukapasuka katikati, ukaanguka. Maji yalilaza mahindi ya watu, yakaibomoa nyumba ya bibi Priska, naye akavunjika mguu. Filemoni alikuja baadaye, anakimbia, mti wake wa kuzibulia mkononi. Watu walipofika walimkuta nao, wakaikumbuka ile "tutaona" yake, wakamfunga kamba. Akanitazama, akasema, "Mama Eliufoo, wewe ulikuwa hapa. Waambie."

Nikasema nilikuwa nimeinama napalilia, sikuona kitu.

Eliufoo alitaka kusema kwamba yeye si mwashi, nikamkataza. Siku ile ile nilimsindikiza mpaka Makanya akapanda basi. Hakuniaga.

Jana pembe ililia, ndiva ijengwe upya. Nyumba haikukalika. Nilikwenda nikajitwika jiwe. Yudith, mke wa Filemoni, akaja akaliteremsha, akajitwika yeye. Akasema, "Kaa, dada. Nyumba yako imekwisha toa fundi. Wa kubeba ni sisi." Tena akaniomba radhi, kwa kuwa mume wake ameharibu kazi ya mwanangu. Alikuwa analia, jiwe langu kichwani. Nilikosa pa kuuweka uso wangu.

Mwanangu si mwashi. Ni mpiga chapa, na ni hodari. Karani wenu pale anaipapasa mashine kwa vidole viwili. Eliufoo angekuwa amekwisha maliza. Kazi safi kama ile niliionea haya, nikamtuma kufanya asiyoijua. Aliyewadanganya watu ni mimi. Kama lazima mtu afungwe, nipo.

Hayo ndiyo niliyoyaona, na ndiyo niliyoyanyamazia. Nimesomewa, nayo ni kweli.

Sahihi: Dorkasi Naftali

Maelezo ya askari: Nimeyaandika mimi, Koplo Iddi, nikamsomea shahidi, naye akatia sahihi mbele yangu. Mtuhumiwa Filemoni alipotolewa kunywa uji alimkuta shahidi barazani. Alikuwa hajaambiwa lolote. Alimshukuru kwa kuwa mtu wa kwanza wa Suji kuja kumtazama, akamuuliza kama mahindi yake shahidi yamepona. Shahidi aliniomba nimsomee Filemoni maelezo haya pale pale, tangu mwanzo, yeye shahidi akiwa amesimama.