Kimya cha Baba

Kwa kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Wewe, wifi na watoto hamjambo? Huku sisi tu wazima. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, ila mdomo bado mzima kabisa.

Ile hotuba ya marehemu baba, siku alipofungua karakana yake ya useremala, nimeshaitoa kwenye kaseti. Ulipojua natumia Linux, mfumo wa kompyuta usiouzwa, ulicheka ukaniita Fundi Bure. Haya, cheka. Niliunganisha redio kaseti na kompyuta kwa waya, nikarekodi, kisha kwa amri ya mstari mmoja programu ikaibana sauti yote, ikawa faili dogo la kutumwa kwa simu. Nashukuru niliwahi, maana redio iliitafuna kanda mara tu nilipomaliza.

Ulitaka iwe safi ili watoto wasichoke, na kigugumizi cha baba unakijua. Basi nikaongeza kwenye amri kwamba popote sauti inapofifia, pakatwe. Baba akatoka anatiririka kama msoma habari. Nilijisifu kweli.

Mama alisikiliza kidogo tu, akaniambia nizime, huyo mtu yeye hamjui. Akauliza kama ndiye babu tutakayewaachia wajukuu, akaanza kulia. Iliniuma sana, kaka. Lakini fundi hatupi rekodi ya mwanzo, na mimi ni fundi; ilikuwa bado kwenye kompyuta. Niliifungua nikaibana upya bila kukata chochote.

Mama akavuta kiti karibu na spika. Baba akafika kwenye kuwashukuru wageni, neno likamkwama, na mama akalitamka polepole, “nawashukuru.” Mara kutoka kwenye spika, kwa mbali, sauti ya mwanamke kijana ikanong'ona neno hilo hilo, baba akalidaka akaendelea.

Ni mama, kaka. Alikaa ubavuni pake hotuba nzima akimpa maneno, na sisi hatukuwahi kujua. Programu haikukosea. Mimi ndiye niliyeiagiza imkate.

Lile faili safi nimelifuta, usiniulize tena. Ninalokutumia lina mikwamo yote. Wawekee watoto, uwaambie wasikilize vizuri babu anaponyamaza.

Wape wote salamu zetu. Mama anasema ukifika hapo baba anapokwama uongeze sauti, siku ile alikuwa anaona haya mbele za watu.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi Bure