Nusu ya Mpini wa Kisu cha Mama

Mbuba, Ngara,
Kagera.
14 Juni 2024

Mpendwa kaka Frednand,

Shikamoo. Habari za huko Mwanza, na wifi Diana anaendeleaje na mguu wake? Sisi huku ni wazima. Mvua imeshakatika, maharage tumevuna, na mwanangu Iteka ameanza kutembea. Anaanguka halafu anajicheka mwenyewe. Macho ya baba ni yaleyale, haoni kitu, ila mwili hauna ugonjwa.

Salamu zimeisha, kaka. Sasa nina hasira na wewe. Nikikupigia simu unasema uko kwenye kikao, utanitafuta, na hunitafuti. Barua huwezi kuikata.

Ni habari ya kisu cha mama. Ulipokuja Pasaka uliukuta ule mpini wa pembe umepasuka, wadudu wameutoboa, msumari mmoja umelegea. Ukasema unakipeleka kwa fundi kule Rusumo kitengenezwe. Nilifurahi, hata nikakufungia ndizi za kula njiani. Jioni ukakirudisha kimefungwa kwenye gazeti, ukakiweka mezani, na alfajiri ukapanda gari.

Kulipokucha nikampa baba. Akakipapasa. Mpini wa plastiki, unateleza kama samaki. Akaniuliza, "Hiki kisu cha nani?" Nikamwambia ni cha mama, kaka amekitengeneza. Akasema, "Justina, mimi ni kipofu, sijawa mjinga. Kisu cha mke wangu kiko wapi?"

Wewe hukai hapa, hujui. Tangu tumzike mama, baba ndiye anayemenya ndizi za nyumba hii. Mama aliushika ule mpini miaka yote mpaka pembe ikalika, ikabaki na vishimo vya vidole vyake, na baba alikuwa anaweka vidole vyake humohumo. Jirani yetu Nshoma alikuwa akipita anamtania, "Mzee, siku hizi umeolewa?" Baba anamjibu, "Nimeolewa, na wewe hujaleta zawadi." Wanacheka, na Iteka yuko hapo miguuni anachezea maganda. Sasa baba anakaa tu, mikono juu ya magoti. Nshoma akimtania, anaingia ndani.

Na ile haikuwa pembe ya kuokota. Ni ya Bihogo, ng'ombe aliyetoka kwao mama. Alipokufa, baba aliichonga pembe yake kuwa pande mbili za mpini, kwa mikono yake mwenyewe. Maziwa ya Bihogo uliyanywa wewe, kaka. Mimi nilizaliwa nikakuta pembe.

Basi nikambeba Iteka mgongoni nikaenda Rusumo. Fundi anaitwa Ntirampeba, anachomelea bodi za malori. Nikamuuliza kwa nini hakuziba tu nyufa. Akanijibu bila aibu, "Mama, mwenye kisu alisema toa takataka hii. Mteja akisema toa, mimi natoa." Nikamwambia mwenye kisu yuko kaburini, hakusema neno. Akainama, akachakura kwenye vyuma vyake, akatoa upande mmoja wa pembe umejaa vumbi na grisi. Nikauliza wa pili. Akasema, "Huo alinitobolesha tundu, ameutia kwenye funguo zake. Alisema ni ukumbusho."

Kwa hiyo pembe ya mama ikiwa mkononi kwa baba ni takataka, ikiwa mfukoni kwako ni ukumbusho. Ungeniambia hata mimi kwamba unataka ukumbusho, nisingekunyima. Ulituonea, kaka. Na ulimwonea mzee ambaye hawezi hata kuona alichoibiwa.

Upande nilioupata nimeutengeneza mwenyewe. Nimeuosha, nimeupaka samli na kuuacha kivulini, nimeupaka tena, mpaka ukarudisha rangi yake. Matundu ya wadudu nimeyaziba kwa unga wa pembe uliochanganywa na gundi. Mume wangu Abeli akaikata ile plastiki kwa msumeno, akaufunga upande huo kwa misumari. Kwa macho si kizuri. Lakini baba hatumii macho.

Jana nikamwekea mkononi. Vidole vikaingia kwenye vishimo, kimoja kimoja. Kidole gumba kikatafuta upande wa pili, kikakuta chuma kitupu. Akasema, "Vinne vimefika nyumbani. Hiki kingine kilale wapi?" Nikashindwa kumwambia kwamba mahali pake pako Mwanza, panafungua milango.

Upande ulio nao ndio wenye shimo la kidole gumba cha mama. Utoe kwenye funguo. Usimpe kondakta, usitume kifurushi. Ulete mwenyewe umpe baba mkononi, na useme kwa mdomo wako upande huo ulikuwa wapi. Lile tundu ulilotobolesha lisikutie aibu, msumari utapita hapohapo, Abeli ameshauandaa. Mimi najua utakuja, kwa sababu hukuutupa.

Msalimie wifi Diana na watoto, na shangazi Esperansia ukimwona. Abeli anakusalimu. Baba hajakutumia salamu, anasema atakupa mkononi. Mungu akutangulie barabarani, akulinde mpaka mlangoni kwetu. Mkungu tutakaomenya siku hiyo nimeshauchagua, bado uko mgombani.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na hasira zangu,

Justina