Springi za Gari-Nyumba

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Pokea salamu zangu kwanza, mengine yatafuata. Goti lako linaendeleaje? Lichue kwa dawa, usijifanye msichana. Mimi mzima, mgongo tu ndio unanikumbusha umri. Anayeniandikia ni jirani yangu mshonaji. Nimemwapisha aandike ninavyosema, ingawa matusi mawili ameshayakataa.

Ulisikia mwanangu amenunua gari-nyumba, lile basi lenye vitanda, jiko na choo humo humo. Alisema tutarudisha hii nyumba ya kupanga, tuzunguke wote mwaka mzima, na kwako tufike. Nikaonyeshwa kitanda changu, upande wa kushoto karibu na mlango, mgongo usisumbuke. Nikakishonea foronya. Mjinga mimi.

Sasa gari lenyewe likipishana na lori linayumba kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Safari ya majaribio, mkwe wangu alitapikia viatu vyake. Muuza vipuri akamshauri mwanangu abadilishe shokapu zote. Fundi akacheka. Akasema shokapu hutuliza mruko tu, mzigo hubebwa na springi, na pengine litahitaji pia chuma cha kulizuia lisilalie upande kwenye kona. Lakini asinunue hata nati kabla gari halijapimwa uzito. Lipimwe kila gurudumu peke yake, tangi limejaa maji, sufuria ziko kabatini, na kila msafiri amekaa mahali pake. Springi zichaguliwe kwa uzito wa safari yenyewe, si wa kukisia.

Basi tukaenda kwenye mizani. Mkwe akapanda, watoto wakapanda, hata mbwa. Nami na mkoba wangu nikakalia kitanda changu. Fundi akapiga kelele kwamba kushoto kumeongezeka, springi za huko ziwe ngumu zaidi. Mwanangu akaja mlangoni, macho chini, akaniambia nishuke, naharibu hesabu. Fundi akamuuliza kwani bibi haendi. Akajibu kwamba bibi amechoshwa na barabara. Mimi, niliyefungasha kabla yao wote!

Nikashuka. Nikasimama kando ya mapipa ya oili, wakapima upya. Aliyechungulia dirishani kunitafuta ni mbwa.

Nyumbani nilimbana mwanangu uso kwa uso. Akasema wamenipatia chumba kwa shangazi wa mkewe, kwa muda tu, na kimeshapakwa rangi, hata harufu imeisha. Umesikia, mdogo wangu? Harufu imeisha! Basi alijua tangu nilipokuwa nashona ile foronya, akanitazama na kunitungia uzi kwenye sindano.

Usimtukane, kazi hiyo niachie mimi. Nimewapikia chakula cha njiani, na sweta la mjukuu wangu mdogo nimelifuma mikono iliyobaki. Mwana ni wangu, nitamtupa wapi? Lakini kwa huyo shangazi siendi. Nakuja kwako na basi la abiria. Nitandikie popote, foronya ninayo.

Jana walilijaribu na springi mpya. Walipita mbele ya mlango wetu kwa kasi, wakakata kona, nami nimesimama kizingitini. Halikuyumba hata kidogo.

Wabusu wote hapo, na shemeji mwambie asinicheke nikishuka.

Ni mimi,
dada yako, ambaye uzito wake bado upo.