Uzi wa Dada Shubhangi

Bhaskar, siamini. Siamini kabisa.

Unamjua Dada Shubhangi, katibu wa maghorofa yetu. Jana alinibembeleza niunganishe taa za sikukuu ya Ganpati kwenye laini ya lifti. Nikakataa, nikamwambia itazidiwa. Akasema, "Kaka yangu, utaniaibisha mbele ya wageni?" Nikaunganisha.

Leo lifti imekwama na bibi wa ghorofa ya nne ndani. Dakika arobaini analia.

Kwenye kikao cha wakazi dada akasimama, macho makavu: "Fundi umeme alijiamulia mwenyewe."

Fundi umeme. Hata jina hakunitaja.

Wiki tatu tu zimepita tangu anifunge rakhi, uzi ambao dada humfunga kaka yake mkononi. Bado ninao. Nikanyanyua mkono ili wote wauone uzi.

Akasema, "Shusha mkono. Hujaruhusiwa kuzungumza."